Poti nne za mtandao kwenye seva ya Proxmox: kila moja na kazi yake

Dell PowerEdge R730 ya mtumba kwa kawaida huja na poti nne za mtandao kwa nyuma, mbali na ile ya iDRAC (kifaa cha Dell cha kuisimamia seva ukiwa mbali). Nikiingia chumba cha seva cha mteja mpya, mara nyingi nakuta waya mmoja tu umechomekwa. Poti tatu wamepewa buibui. Kwenye ule waya mmoja kunapita kila kitu: ukurasa wa kusimamia Proxmox (programu inayoendesha kompyuta pepe nyingi ndani ya seva moja), VM za wafanyakazi (ndizo hizo kompyuta pepe), bekapu za usiku, na mawasiliano ya seva zenyewe kwa zenyewe. Mchana mambo yanakwenda. Usiku bekapu ikianza, seva mbili zinajiwasha upya bila kuaga, na asubuhi lawama anabebeshwa fundi umeme.

Umeme hauhusiki. Seva za Proxmox zilizounganishwa kwenye klasta (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja) huulizana muda wote kama zipo hai, kupitia programu iitwayo corosync. Bekapu ikijaza waya, maswali hayo yanachelewa. Seva isiyosikia wenzake inajiona imepoteza akidi (wingi wa seva unaohitajika ili klasta iamue), na kama imebeba VM zilizowekwa kwenye HA (utaratibu wa kuwasha VM kwenye seva nyingine, yake ikifa), baada ya kama sekunde 60 inajiwasha upya kwa makusudi ili VM ileile isije ikawaka sehemu mbili. Imefanya ilichoagizwa. Aliyekosea ni aliyepanga waya.

Tangu Broadcom ilipoinunua VMware, mshindani wa Proxmox, mwaka 2023 na bei za leseni kubadilika, wanaohamia Proxmox wameongezeka, na swali la kadi za mtandao ndilo naulizwa kuliko yote. Kwa hiyo nitaeleza ninavyopanga mimi: seva tatu, kila moja na poti nne za gigabiti, Proxmox VE toleo la 8 au la 9. Mwenye seva moja aruke sehemu ya corosync. Mengine yanamhusu vilevile.

Gawa kazi kwenye karatasi kwanza

Usiguse kibodi kabla ya kuandika hii mahali:

- eno1: usimamizi. 192.168.10.11/24, getwei (njia ya kutokea nje ya mtandao) 192.168.10.1
- eno2: corosync peke yake. 10.10.20.11/24, haina getwei
- eno3: bekapu, hifadhi na kuhamisha VM. 10.10.30.11/24, haina getwei
- eno4: VM za watumiaji. Seva yenyewe haina IP hapa

Seva ya pili inachukua .12 kwenye mitandao yote, ya tatu .13. Namba ya mwisho ikiwa moja kila mahali, saa nane za usiku ukisoma logi hutahitaji kufikiri.

Corosync nampa swichi yake ndogo ya poti tano, isiyounganishwa na kitu kingine chochote, iliyochomekwa kwenye UPS ileile ya seva. Wateja huguna: "Swichi nzima kwa waya tatu?" Ndiyo. Corosync haili kasi, inachotaka ni majibu ya haraka yasiyoyumba, chini ya milisekunde 5 kati ya seva na seva. Swichi ya bei ndogo isiyo na kazi nyingine inatimiza hilo vizuri kuliko swichi ya gharama iliyojaa kamera za CCTV.

Poti ipi ni ipi

Namba zilizoandikwa nyuma ya boksi usiziamini mpaka uhakikishe. Orodhesha kadi:

```
ip -br link
```

Kisha iambie kadi ipepese taa yake kwa sekunde 20, wewe au mwenzako akiwa nyuma ya raki:

```
ethtool -p eno2 20
```

Ukishaijua, bandika lebo pande zote mbili za waya. Baada ya hapo pima kasi iliyokubaliwa na swichi:

```
ip link set eno2 up
ethtool eno2 | grep Speed
```

Ikisoma 1000Mb/s, endelea. Ikisoma 100Mb/s, kabla hujaingia kwenye mipangilio chukua kile kichwa cha RJ45 ukiangalie kwenye mwanga. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya. 100 inatosheka na jozi mbili. Ukiangalia kwa karibu utaona uzi wa bluu au wa kahawia haujafika mwisho wa plastiki, pini imebana hewa. Kata, bana upya, pima tena. Kosa hili ni baya kwa sababu halizimi kitu: taa inawaka, ping inajibu, na bekapu iliyopaswa kuisha alfajiri inafika saa nne asubuhi bado inatembea.

Jambo lingine ni majina. eno1 mpaka eno4 ni kadi zilizoungwa kwenye bodi, majina yao hutulia. Kadi ya kuchomeka hupata jina kama enp3s0, linalotokana na nafasi yake kwenye PCI. Siku ukiongeza kadi ya diski za NVMe, enp3s0 inaweza kuamka ikiitwa enp4s0, na seva ikawaka bila mtandao. Kadi za namna hiyo zipe jina la kudumu kwa kutumia MAC (namba ya kipekee ya kadi). Tengeneza faili `/etc/systemd/network/10-enbekapu0.link`:

```
[Match]
MACAddress=aa:bb:cc:dd:ee:ff
Type=ether

[Link]
Name=enbekapu0
```

Jina lianze na `en`, ili ukurasa wa Proxmox uitambue kuwa ni kadi halisi. Badilisha jina hilo pia ndani ya `/etc/network/interfaces`, endesha `update-initramfs -u -k all`, kisha washa seva upya.

Faili lenyewe

Unaweza kufanya yote kwenye ukurasa, chini ya System kisha Network. Mimi naandika kwa mkono kwa sababu nikiona faili zima kwa jicho moja nagundua makosa mapema. Hili ni la seva ya kwanza, `/etc/network/interfaces`:

```
auto lo
iface lo inet loopback

iface eno1 inet manual

auto vmbr0
iface vmbr0 inet static
    address 192.168.10.11/24
    gateway 192.168.10.1
    bridge-ports eno1
    bridge-stp off
    bridge-fd 0

auto eno2
iface eno2 inet static
    address 10.10.20.11/24

auto eno3
iface eno3 inet static
    address 10.10.30.11/24

iface eno4 inet manual

auto vmbr1
iface vmbr1 inet manual
    bridge-ports eno4
    bridge-stp off
    bridge-fd 0
    bridge-vlan-aware yes
    bridge-vids 2-4094
```

Angalia vmbr1. Ni daraja linalopitisha data za VM, lakini seva haina anwani juu yake. Mtumiaji akiingiwa na virusi ndani ya VM yake, hakuti mlango wa 8006 wa Proxmox umekaa pembeni yake unamsubiri. Na kwa kuwa daraja linaelewa VLAN (mitandao inayotenganishwa kwa namba juu ya waya mmoja), hesabu za fedha unazipa VLAN 40, kamera VLAN 30, kwa kuandika namba tu kwenye mipangilio ya kadi ya VM. Sharti poti ya swichi upande wa pili iwe ya trunk (inayopitisha VLAN nyingi) na VLAN hizo ziruhusiwe. Hapa ndipo watu hukaa mchana mzima wakiilaumu Proxmox wakati tatizo liko kwenye swichi.

Eno2 na eno3 sijazitengenezea daraja kwa sababu hakuna VM inayopita huko. Daraja lisilo na kazi ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika.

Kabla ya kubonyeza Enter

Fungua kwanza konsoli ya iDRAC, au simama mbele ya seva ukiwa na skrini na kibodi. Kama seva iko Tanga na wewe uko Moshi, iDRAC ndiyo basi lako. Halafu weka mtego wa kurudisha hali ya zamani yenyewe. Hifadhi nakala kabla hujahariri faili:

```
cp /etc/network/interfaces /root/interfaces.zamani
```

Ukimaliza kuhariri, tega, kisha tekeleza:

```
systemd-run --on-active=180 --unit=rudisha sh -c \
 'cp /root/interfaces.zamani /etc/network/interfaces && ifreload -a'
ifreload -a
```

Una dakika tatu. Ukiweza kuingia tena kwa SSH na ukurasa unafunguka, tegua:

```
systemctl stop rudisha.timer
```

Ukishindwa kuingia, kaa utulie. Seva itajirudishia mipangilio ya zamani bila wewe.

Tumia `ifreload -a`. Usifanye `systemctl restart networking` wakati VM zinafanya kazi. Unaweza kukuta VM zote ziko hai kwenye orodha lakini zimechomoka kwenye daraja, simu zinalia ofisi nzima.

Na usisahau `/etc/hosts`. Jina la seva lazima lielekee kwenye IP ya usimamizi, yaani 192.168.10.11. Hakikisha kwa `hostname --ip-address`. Ukibadilisha IP ukaliacha jina likielekea kwa ile ya zamani, huduma ya pve-cluster inaweza kugoma kuwaka, na bila hiyo `/etc/pve` ni tupu na ukurasa haukupi chochote.

Getwei ni moja

Kijana wa IT ninayefanya naye kazi aliniuliza: "Dada, kwa nini tusiweke getwei kwenye kadi zote, ili moja ikifa nyingine ishike?"

Swali la haki, lakini getwei haiko hivyo. Getwei ni jibu la swali moja tu: pakiti inayokwenda nisikokujua niitoe wapi? Ukiipa Linux majibu mawili, itachagua moja kwa vigezo vyake, au ya pili itakataa kuingia. Kufa kwa waya wa kwanza hakuifanyi getwei ya pili ishike kama unavyotarajia. Ukitaka waya wa akiba, hiyo ni kazi ya bond (kufunga kadi mbili zifanye kama moja), nitaigusa chini.

Balaa kubwa zaidi ni njia ya kurudi. Chukua mfano huu. Laptop yako ni 192.168.10.50. Mtu ameunganisha mtandao wa 10.10.30 na ruta, nawe unafungua `https://10.10.30.11:8006`. Ombi lako linapita kwenye ruta, linaingia seva kwa eno3. Seva inataka kukujibu. Inaangalia jedwali lake, inaona 192.168.10.50 ni jirani wa vmbr0, inajibu moja kwa moja kwa huko bila kupita ruta. Fayawoli ya ruta imeona mwanzo wa mazungumzo, jibu haijaliona, na pakiti yako inayofuata inaitupa. Ukurasa unazunguka weee mpaka unakata tamaa. Ukipiga ping kwenye 10.10.30.11, inajibu vizuri kabisa. Hapo ndipo watu huanza kubadilisha vyeti na vivinjari.

Muulize Linux mwenyewe:

```
ip route get 192.168.10.50 from 10.10.30.11
```

Ukiona `dev vmbr0` kwenye jibu, umeshampata mchawi. Dawa ni rahisi: usimamizi uufanye kwa anwani ya usimamizi, na mitandao ya ndani usiiunganishe na ruta bila sababu.

Ikiwepo sababu, tuseme seva ya bekapu iko tawi jingine kwenye 10.50.0.0/16, usiweke getwei ya pili. Weka njia ya mahali hapo tu, chini ya eno3:

```
    post-up ip route replace 10.50.0.0/16 via 10.10.30.1
```

Vilevile, usiziweke kadi mbili kwenye mtandao mmoja, mathalani eno1 ikiwa 192.168.10.11 na eno3 ikiwa 192.168.10.21. Linux kwa kawaida hujibu ARP (swali la "nani ana anwani hii?") ya anwani yake yoyote kupitia kadi yoyote iliyoulizwa, hivyo swichi na majirani watakuwa wanaambiwa hiki mara kile, na hutajua pakiti zinapita wapi.

Corosync

Kama klasta ni mpya, taja njia mbili tangu mwanzo. Seva ya kwanza:

```
pvecm create ofisi --link0 10.10.20.11 --link1 192.168.10.11
```

Ya pili inajiunga hivi, na ya tatu vivyo hivyo kwa namba zake:

```
pvecm add 10.10.20.11 --link0 10.10.20.12 --link1 192.168.10.12
```

Usipoweka kipaumbele, njia yenye namba ndogo ndiyo inayotumika kwanza. Kwa hiyo swichi ndogo ndiyo kuu, na waya wa usimamizi ni wa dharura.

Kwa klasta iliyokwisha kuundwa juu ya 192.168.10, unahariri `corosync.conf`, na hapa mikono iwe mizito. Faili hili likiokolewa kwenye `/etc/pve`, linasambaa seva zote papo hapo. Usilihariri moja kwa moja:

```
cp /etc/pve/corosync.conf /etc/pve/corosync.conf.new
nano /etc/pve/corosync.conf.new
```

Kwenye kila nodi (yaani kila seva) ongeza mstari wa `ring1_addr` wenye anwani yake ya 10.10.20. Ndani ya `totem`, sehemu za `interface` ziwe hivi:

```
  interface {
    linknumber: 0
    knet_link_priority: 10
  }
  interface {
    linknumber: 1
    knet_link_priority: 20
  }
```

Namba kubwa ndiyo yenye kipaumbele, kwa hiyo njia mpya ndiyo itakayobeba. Ongeza `config_version` kwa moja. Bila hivyo mabadiliko hayachukuliwi. Soma faili tena kuanzia juu, kisha `mv /etc/pve/corosync.conf.new /etc/pve/corosync.conf`. Fayawoli yoyote iliyo katikati iruhusu UDP 5405 hadi 5412.

Kagua:

```
corosync-cfgtool -s
pvecm status
```

Ya kwanza ionyeshe kila mwenzake yuko `connected` kwenye njia zote mbili, ya pili iseme `Quorate: Yes`. Sasa chomoa waya wa eno2 kwenye seva moja. Ndiyo, uchomoe. Njia ya swichi ndogo itaonekana imekatika, ila `Quorate` ibaki `Yes`. Rudisha waya, subiri iunganike. Jaribio hili lifanye kabla ya kuweka VM yoyote kwenye HA, siyo baadaye.

Kuielekeza mizigo kwenye eno3

Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulipita. Kuipa eno3 anwani hakutoshi kuifanya ibebe bekapu. Kadi inachaguliwa na anwani unayoiendea. Kama hifadhi yako ya NFS (ya faili kupitia mtandao) umeisajili kwenye Proxmox kwa 192.168.10.20, bekapu itaendelea kupita eno1 na eno3 itakaa bure, hata uibandike lebo ya dhahabu. Seva ya bekapu nayo ipewe mguu kwenye 10.10.30, tuseme 10.10.30.20, kisha hifadhi isajiliwe kwa anwani hiyo. Wakati bekapu inaendelea, tazama `ip -s link show eno3`. Namba za TX zisipopanda, umerudi palepale.

Kuhamisha VM kati ya seva kuna mahali pake, `/etc/pve/datacenter.cfg`:

```
migration: secure,network=10.10.30.0/24
```

Kama mtandao huo kweli umefungwa, hauguswi na mtu mwingine, `insecure` inaondoa usimbaji wa SSH na uhamishaji unakwenda kasi zaidi. Mimi kwenye gigabiti moja naacha `secure`; waya unajaa kabla CPU haijachoka.

MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya 9000 naiweka pale tu swichi inapoikubali na kila kifaa kwenye mtandao huo kimewekewa. Ongeza `mtu 9000` chini ya eno3 kwenye seva zote na kwenye seva ya bekapu, halafu pima:

```
ping -M do -s 8972 10.10.30.12
```

8972 na vichwa vya baiti 28 ndiyo 9000 yako. Isipopita, ondoa mstari huo kote urudi 1500. MTU isiyolingana ina dalili yake: SSH inaingia, `ls` inajibu, ukianza kunakili faili kubwa inakwama palepale.

Bond, kwa kifupi

Ukiwa na poti zaidi, mbili zifunge pamoja kwa ajili ya usimamizi. `active-backup` (waya mmoja unafanya kazi, wa pili ni akiba) haihitaji chochote kwenye swichi na ndiyo naipenda kwa ofisi ndogo. 802.3ad (waya zote kwa pamoja) inataka swichi inayosimamika, na haifanyi nakala moja ya faili kuwa ya kasi maradufu. Mkondo mmoja bado unapita waya mmoja. Ndani ya daraja, badala ya `bridge-ports eno1`, unaandika `bridge-ports bond0`. Corosync usiisumbue na bond. Ina njia zake mbili tayari.

Nani aone ukurasa

Ukurasa wa 8006 husikiliza kwenye kadi zote. Kwa seva iliyo peke yake, andika `LISTEN_IP="192.168.10.11"` ndani ya `/etc/default/pveproxy` na uwashe upya `pveproxy` na `spiceproxy`. Kwa klasta usifanye hivyo, kwa sababu seva huzungumza zenyewe kupitia huduma hiyo. Tumia fayawoli ya Proxmox, na kabla hujaiwasha hakikisha IP ya laptop yako imo kwenye kundi la `management`.

Ukishamaliza seva zote tatu, nakili `/etc/network/interfaces` ya kila moja, faili za `.link` na `/etc/hosts`, uviweke nje ya seva hizo. Bekapu za VM hazivigusi, na `/etc/pve` inayosambazwa kwenye klasta haivibebi. Mimi huvichapisha pia kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa raki, pamoja na ule mgawo wa eno1 mpaka eno4.